Takwimu za ajira zisomwe kwa jicho pevu

KUNA nambari moja ambayo kila mwanafunzi wa uchumi hutakiwa aikariri, nayo ni kiwango cha ukosefu wa ajira. Huikariri, akaiandika katika mtihani na kutunukiwa alama zake. Ni wachache mno wanaoulizwa nambari hiyo ilipatikanaje, na ni nani aliyeachwa nje ilipokuwa ikitafutwa. Nashikilia kwamba swali hilo la pili ndilo elimu yenyewe. Lile la kwanza hata kasuku aweza kulijibu.

Nitatoa mfano wa mbali kwanza, maana huko ajira hupimwa kila mwezi na mabadiliko hudhihirika upesi. Jimbo la Nevada, magharibi mwa Marekani, ni nchi ya jangwa. Sehemu kubwa ya riziki yake hutoka mji mmoja, Las Vegas, na mji huo nao hutegemea hoteli na majumba ya kamari. Mnamo Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, gavana wa wakati huo, Steve Sisolak, aliamuru majumba hayo yafungwe. Februari ya mwaka huo wasio na kazi walikuwa takriban watu 4 katika kila 100 wa nguvukazi ya jimbo. Kufikia Aprili walikuwa wamepita 28. Hakuna jimbo jingine la nchi hiyo lililozama kiasi hicho mwezi ule.

Msomaji wa Diani au Malindi hahitaji kufafanuliwa maana ya hoteli kufungwa. Nevada, hata hivyo, ilijua ukubwa wa msiba wake kabla ya mwezi Mei kwisha. Sisi, ambao Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilikuwa likitupima kwa robo ya mwaka, tulilazimika kungoja robo nzima ipite ndipo tuambiwe kwamba waliokuwa na kazi nchini walikuwa wamepungua kutoka milioni 17.59 hadi milioni 15.87, na kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa kimefika asilimia 10.4. Wakati huo wapishi na wahudumu wa hoteli walikuwa wamesharudi mashambani zamani.

Je, Wamarekani huhesabu vipi? Hawagongi mlango wa kila mtu. Huchagua takriban nyumba 60,000 katika nchi nzima, wakauliza wenyeji walifanya nini katika juma lenye tarehe 12 ya mwezi. Kando na hilo, waajiri huulizwa wana watu wangapi katika orodha zao za mishahara. Hesabu ya kwanza ni ya watu, na ya pili ni ya kazi. Kwa hivyo mama anayefua shuka hotelini asubuhi na kuuza dukani jioni huhesabiwa mara moja katika ile ya kwanza na mara mbili katika ile ya pili. Ndiyo sababu hesabu hizo mbili hukinzana mwezi mmoja hata mwingine, wala si lazima pawe na mwongo. Zaidi ya hayo, sehemu ya jimbo dogo katika nyumba hizo 60,000 ni chache, hivyo wataalamu hukadiria kwa kanuni za hisabati kisha wakarekebisha makadirio yao baadaye. Anayepiga mbiu kwa kupanda au kushuka kwa nusu ya asilimia katika mwezi mmoja anajisumbua bure.

Lakini mtego mkubwa uko kwingine, nao naomba kila mwalimu auchore ubaoni. Chukua kijiji chenye nguvukazi ya watu 100, na 10 kati yao hawana kazi ila wanaitafuta. Kiwango ni asilimia 10. Sasa wanne kati ya hao 10 wakate tamaa, waache kuzungusha vyeti vyao. Kwa kuwa hawatafuti tena, hawamo tena katika nguvukazi. Wamebaki 96, na wasio na kazi ni sita. Kiwango kimeshuka hadi asilimia 6.25, na waziri anaweza kusimama jukwaani akashangiliwa. Ni nani aliyepata kazi? Hakuna hata mmoja.

Jambo la pili ni maana ya neno kazi. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu katika juma linalohusika huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama kaka yake, aliyehitimu chuo kikuu na anayechoma mahindi kando ya barabara, ana kazi. Nilimjibu kwamba katika vitabu vya takwimu anayo. Darasa zima liliangua kicheko, naye hakucheka.

Kicheko hicho si ujinga. Kwa mujibu wa ripoti ya KNBS, mwaka 2024 uchumi wetu ulizalisha nafasi mpya 782,300 za kazi, zikiachwa nje zile za wakulima wadogo na wafugaji. Asilimia 90 ya nafasi hizo zilikuwa za jua kali. Sidharau jua kali. Limesomesha wengi wetu. Ninachokataa ni kumweka fundi asiyejua kesho atakula nini katika safu moja na karani mwenye pensheni, kisha kuwahesabu kama kitu kimoja. Na walimu wenzangu wasidhani hili haliwagusi. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi aliyeajiriwa mwaka 2023 kwa mkataba na posho ya Sh20,000 kabla ya makato alikuwa, kwa takwimu, ameajiriwa sawasawa na mwalimu mkuu wake. Wanagenzi waliogoma Mei 2024 hawakuwa wakidai kazi ambayo takwimu zilisema hawana. Walidai kazi iliyo kamili, na safu ya kuonyesha hilo haimo katika jedwali la ukosefu wa ajira.

Wapo watakaosema basi tuzitupe takwimu hizi, kwa kuwa hazitusaidii. La hasha. Tazameni yaliyotokea huko huko Marekani mwaka 2025. Mnamo Agosti 1, Rais Donald Trump alimfuta kazi mkuu wa idara ya takwimu za ajira, Erika McEntarfer, siku ile ile ripoti isiyompendeza ilipotoka. Kisha serikali ikafungwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12 kwa mvutano wa bajeti, wahojaji wakabaki nyumbani, na kiwango cha ukosefu wa ajira cha mwezi huo wa Oktoba hakikupatikana. Pengo hilo halikuwahi kutokea tangu 1948. Wenye mabenki na wenye viwanda walilalama kwa sauti. Wanyonge ndio waliopoteza zaidi, maana asiyehesabiwa hawezi kuthibitisha kwamba ameumia.

Sidai kaunti zetu 47 zipimwe kila mwezi kama majimbo yale. Gharama ni kubwa, na nyumba chache zitakazoulizwa katika kaunti ndogo zitatupotosha kuliko kutufaa. Nadai robo ya mwaka, bila kukosa, kwa tarehe iliyotangazwa mapema ili pasiwe na wa kuichelewesha. Nadai pia kila ripoti itaje kwa herufi kubwa waliokata tamaa na wanaofanya kazi saa chache kuliko watakavyo.

Kwa sasa, walimu wa Hisabati na wa Biashara wanaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Kila mwanafunzi aende kwa majirani 10 akawaulize maswali matatu. Ulifanya kazi juma lililopita, na kwa saa ngapi? Kama hukufanya, ulitafuta? Kama hukutafuta, kwa nini? Majibu yaletwe darasani kabla ya kufunga muhula, yajumlishwe, na kiwango kikokotolewe mara mbili: mara moja bila waliokata tamaa, na mara ya pili wakiwemo.