Lugha nusunusu ni hatari wodini

Mwaka 2018 madaktari 50 wa Kenya walipelekwa Cuba kusomea tiba ya familia, na iliwabidi wajifunze Kihispania. Huko Marekani, ambako mamilioni ya watu huzungumza lugha hiyo nyumbani, wanafunzi wa udaktari na uuguzi husafiri hadi Guatemala au Costa Rica kujifunza Kihispania cha hospitalini na kutazama wagonjwa wanavyohudumiwa.

Ni safari ya maana. Hata hivyo, nionavyo mimi, kutojua lugha si hatari kama kuijua nusunusu. Mwaka 1980, katika jimbo la Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake, wenye asili ya Cuba, walisema ni "intoxicado", yaani amedhuriwa na chakula. Madaktari wakadhani amezidisha dawa za kulevya. Mkalimani hakuitwa, kwani kila upande uliamini umeelewa. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ubongoni! Kijana alipooza mikono na miguu.

Basi arejeaye na maneno mia mbili asijione mkalimani. Ajue kuuliza, "Una maana gani?" na ajue wakati wa kumwita ajuaye zaidi. Vivyo hivyo, aliyekwenda kutazama atazame. Asijifunzie kazi kwenye miili ya maskini wa ugenini.

Hapa kwetu, muuguzi wa lugha moja humhudumia mgonjwa wa lugha nyingine kila siku. Walimu, tuwafunze vijana unyenyekevu huo pamoja na msamiati.