Subiri Nisevu Kwanza

   Mwezi huu sizungumzii mawifi wala bajeti ya harusi. Nazungumzia gemu. Ndiyo, gemu la kwenye runinga. Tafadhali usifunue ukurasa, nisikilize kwanza.

Wadada mnaoishi na mwanaume mwenye padi mkononi mnanielewa. Chakula kinapoa mezani, unaongea na kisogo, na jibu ni lilelile: “Nakuja.” Kwangu mimi mambo yaliharibika jioni moja niliporudi kazini moyo umevunjika, nafasi niliyoahidiwa kapewa mtu mwingine. Nimesimama mlangoni na mkoba begani.

“Baba Neema, nina jambo.”

“Subiri mke wangu, nisevu kwanza.”

Dakika kumi! Nilihesabu. Alipogeuka nilishaingia chumbani. Nikamchunia siku tatu, nyumba ikawa kama msiba.

Usiku wa tatu, mtoto kalala, shemeji yenu akaniletea padi. “Mama Neema, cheza nusu saa tu. Ukimaliza na bado unaniona sina adabu, nalitoa humu ndani.” Nikaichukua kwa shari, nia yangu nishinde kesi.

Nusu saa ile ikawa miezi miwili ya jioni zetu.

NGOME YA BABA

Gemu lenyewe linaitwa Castlevania: Symphony of the Night. Lilitengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani, likatoka mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu. Wakati huo kila mtu alikuwa anakimbilia picha za pande tatu, lakini hawa wakabaki na michoro ya kawaida. Unamwona mtu wako kwa ubavuni, anakwenda kulia na kushoto, anaruka, anapanda, anashuka. Basi.

Lakini michoro yenyewe sasa! Ni ile mitindo ya kale ya Ulaya inayoitwa gothiki: makanisa ya mawe, madirisha ya vioo vya rangi, mishumaa, mapazia mekundu, majeneza. Sura za wahusika zilichorwa na dada mmoja anaitwa Ayami Kojima, na muziki ni wa mwanamama Michiru Yamane. Kwenye maktaba kuna kinanda cha taratibu, ukifika kwingine linaingia gitaa la nguvu, kanisani wanaimba kwaya. Nilijikuta naosha vyombo huku naguna muziki wa gemu.

Hadithi ni ya mwaka 1797. Dracula, yule mnyonya damu maarufu, ana mtoto wa kiume aliyezaa na mwanamke wa kawaida, binadamu kama wewe na mimi, jina lake Lisa. Mtoto anaitwa Alucard. Lisome jina hilo kuanzia nyuma utaona ni nini. Ngome ya baba imeibuka tena, na mtoto anaamka usingizini kwenda kuiangusha. Sisi tuliokulia tukitishwa na mumiani tunajua mnyonya damu ni wa kukimbiwa. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwonea huruma.

UNANYANG'ANYWA KILA KITU

Unaanza gemu umekamilika. Upanga mkali, ngao, kofia ya vita, joho. Unawapiga maadui kwa pigo moja, nikajiona bingwa. Dakika chache baadaye anatokea Mauti mwenyewe, rafiki wa siku nyingi wa baba. Anamwomba Alucard arudi nyumbani. Alucard anakataa. Mauti anamnyang'anya vyote na kumwacha mikono mitupu.

Hapo ndipo gemu linapoanza. Mifupa niliyokuwa naifagia ikaanza kunifagia mimi. Unaokota kisu hapa, nguo pale, unajenga maisha upya. Nilikumbuka jioni ile ya mkoba begani. Asubuhi nilikuwa meneja mtarajiwa, jioni sina kitu. Sikumwambia shemeji yenu, lakini nilikaa vizuri kwenye kochi.

Jambo la pili ni milango. Ngome imejaa sehemu usizoweza kupita. Ukingo uko juu mno, wavu wa chuma umeziba njia, mlango wa buluu haufunguki. Unaondoka. Saa mbili mbele unapata uwezo wa kuruka mara mbili hewani. Baadaye unageuka popo, unageuka ukungu unaopenya kwenye wavu. Mlango wa buluu nao dawa yake unainunua kwa mzee wa maktaba. Kila ukipata kipya, unakumbuka: “Kuna mahali nilishindwa!” Unarudi mbio. Ramani inajaa rangi chumba kwa chumba.

Mtindo huu wa kurudi ulipokwama ulipendwa mpaka ukapewa jina lake, Metroidvania, kwa kuunganisha Metroid na Castlevania. Hadi leo watengenezaji duniani kote wanauiga.

Na kusevu? Aisee, hapa ilibidi nimwombe mume wangu radhi. Gemu hili huwezi kusevu popote unapotaka. Kuna vyumba maalumu, vichache, na ukifa kabla hujafika, kazi yote imekwenda na maji. Jioni ile ya ugomvi alikuwa ndani kabisa ya ngome, mbali na chumba chochote. Angeweza kuacha, ndiyo, na angepaswa kugeuza hata shingo. Lakini “subiri nisevu” haikuwa dharau kama nilivyodhani.

PETE MBILI NA MIWANI

Sasa sikia utamu ulipo. Katikati ya gemu unamkuta Richter Belmont, shujaa aliyemwua Dracula miaka michache nyuma, eti sasa ndiye bwana wa ngome. Unaweza kupigana naye ukamwua, gemu likaisha. Wengi waliishia hapo wakidhani wamemaliza, kumbe walikuwa nusu ya safari.

Ukitaka ukweli unahitaji pete mbili, ya dhahabu na ya fedha. Unazivaa zote mbili kwenye chumba cha saa kubwa, sakafu inafunguka, na huko chini dada mmoja, Maria, anakupa miwani. Ukiivaa mbele ya Richter unaona duara la uchawi linaelea juu yake. Kumbe anaendeshwa na mtu mwingine! Unalipiga lile duara, yeye unamwacha salama. Ndipo inatokea ngome ya pili angani, ileile, vyumba vilevile, ila imepinduliwa miguu juu. Dari limekuwa sakafu. Ukimaliza kila kona ya ngome zote mbili, asilimia inasoma 200.6.

Nilicheka peke yangu. Pete mbili ndipo unapewa macho ya kuona kinachomsumbua mwenzako, ili upige tatizo na sio mtu! Kama kuna kungwi aliyewahi kulisema vizuri zaidi, mimi sijamsikia. Na labda si bahati. Mmoja wa waandishi wa hadithi hii, Koji Igarashi, kabla ya hapo alifanya kazi kwenye Tokimeki Memorial, gemu la mwaka 1994 la mambo ya mapenzi ya wanafunzi. Alitoka kwenye mapenzi akaenda kwa majini, lakini moyo alikwenda nao.

MANENO YA MWISHO

Ile pete ya dhahabu inapatikana vipi? Chini kabisa mapangoni kuna chumba kinachofanana na chumba cha kusevu. Nimechoka, damu imebaki kidogo, nikaingia kwa furaha. Kumbe mtego. Alucard anazama kwenye jinamizi, anamwona mama yake amefungwa, anauawa na watu kwa sababu alikuwa anatengenezea wagonjwa dawa. Mama anamwambia awachukie binadamu. Na mtoto anajua papo hapo: huyu si mama yangu, mama yangu asingesema hivyo. Anamgeukia yule jini aliyevaa sura ya mama, na vita inaanza.

Nikageuka kumwambia shemeji yenu kwamba nimeonewa. Alikuwa anatazama sakafu.

Msomaji, tulikuwa na miaka minne ya ndoa. Nilijua mama mkwe alifariki mwaka 2003, mume wangu akiwa kidato cha pili, bweni la mbali. Nisichokijua ni kwamba wakubwa waliamua asisumbuliwe mpaka amalize mtihani. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshaota majani. Likizo ile akapelekwa kwa binamu yake mjini, na huko ndiko alikokuta PlayStation ya kijivu na gemu hili. Alilicheza Desemba nzima. Watu wakasema mtoto yuko sawa, anacheza.

“Ngoja ufike mwisho,” akaniambia.

Nikafika. Mwishoni kabisa Alucard anamshinda baba yake. Na Dracula huyo, mwenye ngome mbili na majeshi ya mizimu, anapokata roho anamuuliza mwanawe jambo moja tu. Anataka kujua Lisa alisema nini mwisho. Hakuwepo. Mtoto anamwambia: alisema tusiwachukie binadamu, kama hatuwezi kuishi nao basi angalau tusiwadhuru, na kwamba atakupenda siku zote.

Baba Neema akasema polepole, “Mimi sijui wa kwangu alisema nini. Sijawahi kumuuliza mzee.”

Miaka karibu ishirini, msomaji. Mlango wa buluu.

Tulikwenda kijijini mwisho wa mwezi ule. Sikumsukuma, aliamua mwenyewe. Jioni baada ya kula, amekaa na baba yake nje, akauliza. Mzee alinyamaza mpaka nikaogopa. Kisha akasema, “Hukuwahi kuniuliza, mwanangu. Nikadhani hutaki kusikia.” Mama yake, siku ile, aliuliza kama viatu vya mtoto vimeshatumwa shuleni, kwa sababu vya zamani vilikuwa vimetoboka.

Mume wangu anavikumbuka vile viatu. Vilifika kwa basi wiki ileile. Alivivaa kwenye mtihani bila kujua.

Hakuna kingine kilichosemwa. Wanaume wale wawili walikaa pale mpaka mbu wakawafukuza.

TUNAONDOKA NA NINI?

Sisemi kila mwanaume anayekesha na gemu ana kidonda. Wengine ni wavivu tu, tena wa kuamshwa! Ukikesha na padi huku mtoto ana homa, hapo hakuna hadithi ya Dracula itakayokuokoa. Na shemeji yenu mwenyewe nilimwambia: gemu lilikuliwaza ukiwa mtoto, sasa una mke wa kumwambia.

Nyumbani tuliweka utaratibu. Mmoja akisema “nina jambo”, mwenzake ana dakika tano za kufika chumba cha kusevu, iwe gemu, simu au tamthilia yangu. Baada ya hapo kila kitu kinazimwa. Tumeufuata tangu siku ile, na dakika kumi hazijarudi. Ile habari ya kazini nayo niliisema hatimaye, akanisikiliza mpaka mwisho.

Kinachofanya watu walipende gemu hili tangu 1997 ni kwamba halikudanganyi. Linakunyang'anya, linakufungia milango, halafu linakuonyesha kwamba ulishindwa jana kwa sababu ulikuwa mtu wa jana. Igarashi alipoondoka Konami mwaka 2014, mwaka uliofuata aliwaomba wapenzi wake dola 500,000 atengeneze jingine la aina hiyo. Walimchangia zaidi ya dola milioni tano, na Bloodstained: Ritual of the Night likatoka 2019. Watu hawachangii hivyo kwa ajili ya mifupa na popo peke yake.

Ukitaka kulijaribu, la zamani lilitolewa upya kwenye PlayStation 4 mwaka 2018 na kwenye simu mwaka 2020. Mpe mwenzako padi. Kaa pembeni, na akigeuka kukutazama, usiwe unaangalia simu.

Na kama kuna swali hujawahi kumuuliza mzee wako, nauli ya basi sio ghali kuliko miaka ishirini.