Bingwa Apimwe kwa Wanafunzi Aliowaacha

Miongoni mwa mambo ya kutia moyo katika miaka hii ni kumwona daktari bingwa akimfuata mgonjwa aliko, badala ya mgonjwa kuhangaika kumtafuta bingwa mjini. Mwaka 2024 Serikali ilianzisha mpango wa kuwapeleka mabingwa katika hospitali za halmashauri nchini kote, na Mkoa wa Katavi haukuachwa nyuma. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunaupongeza mpango huo kwa dhati. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: mgeni akishafunga mizigo yake, mwenyeji atakayevunjika mkono kesho yake atamwona nani?

Swali hilo ni zito kwa watu wa Mpanda. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika muda wa miaka 10 tu, watu wameongezeka zaidi ya mara mbili. Hao ni wakulima, wafugaji, wavuvi wa Ziwa Tanganyika na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Riziki yao yote hupita mikononi, na nguvu ya mkono hutoka begani. Mkulima asiyeweza kuinua jembe, au mvuvi asiyeweza kuvuta wavu, amevunjikiwa na nyumba nzima.

Tuchukue mfano ulio wazi. Mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika mfupa kidogo juu ya kiwiko. Mshipa mkuu wa damu uendao kiganjani hupita mbele ya kiwiko hicho. Ikiwa mshipa umebanwa na mfupa, au mkono umefungwa vitambaa na vijiti kwa kukazwa mno, nyama ya mkono huanza kufa katika muda wa saa chache. Mtoto atapona maumivu, lakini vidole vitabaki vimejikunja maisha yake yote. Vivyo hivyo kwa bega lililoteguka. Likirudishwa siku ile ile, kazi ni ya dakika chache. Likiachwa wiki kadhaa, litahitaji upasuaji mkubwa.

Hapa ndipo panapotupasa kufikiri. Mtoto yule wa Karema au Mishamo hawezi kusafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam ndani ya saa hizo. Anayeweza kumwokoa ni tabibu wa zamu aliyefundishwa kupima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kulegeza alichokifunga mwingine, na kujua ni mgonjwa yupi asiyengoja asubuhi. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet la Uingereza ilitaja kazi tatu za kupimia huduma ya upasuaji mahali popote: kumzalisha mama kwa upasuaji, kupasua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Ilitaka angalau asilimia 80 ya watu waweze kuifikia huduma hiyo ndani ya saa mbili. Saa mbili hazimngoji mgeni.

Lakini tabibu huyo hufundishwa na nani? Ubingwa wa mifupa hausomwi katika vitabu peke yake. Mwanafunzi husimama mezani mkabala na mwalimu. Kwanza huangalia, kisha husaidia, kisha hushika kisu mwenyewe huku mwalimu akimtazama. Anayetaka kubobea katika bega na kiwiko huongeza muda mwingine chini ya mikono ya waliobobea kabla yake. Marehemu Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki Machi 2025, alisomea udaktari Hungaria, akarudi kufundisha upasuaji wa mifupa Muhimbili. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 1996, imesimama juu ya kazi ya walimu wa namna hiyo.

Wala si lazima mwanafunzi ahamie mji mkubwa. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoundwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, huwafundisha wapasuaji katika hospitali wanamofanyia kazi, ilimradi hospitali imekaguliwa na ina mwalimu anayestahili. Chuo hicho hakina kuta. Kinachokosekana mahali pengi ni huyo mwalimu.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawataliona jambo hili kuwa la mbali. Kwa mgonjwa wa Katavi kizuizi ni pori na masafa. Kwa mgonjwa wa Micheweni ni bahari. Tena visiwani tuna ushahidi wa tunalolisema. Mwaka 2007 walimu kutoka Cuba walianza kusomesha udaktari Zanzibar, na mwaka 2013 wahitimu wa kwanza walipatikana. Wageni wale waliacha madaktari, na tangu hapo wenyeji wanatibiwa na watoto wao.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo manne. Kwanza, bingwa anayekwenda Katavi akabidhiwe wanafunzi wenyeji wanaojulikana kwa majina, na arudi kwa hao hao safari ifuatayo. Pili, madaktari wanaosomea upasuaji wa mifupa wapangiwe sehemu ya mafunzo yao katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pamoja na mwalimu wao. Tatu, saa za kufundisha zihesabiwe kuwa kazi, zilipwe na zizingatiwe katika kupandishwa cheo, kwani mwalimu anayefundisha kwa hisani huchoka. Nne, vifaa vibaki: eksirei inayofanya kazi, plasta, na mtaalamu wa dawa ya usingizi.

Taarifa za kambi za matibabu hueleza idadi ya wagonjwa waliohudumiwa. Ni idadi njema, na kila mmoja katika hao ni mwananchi aliyepata nafuu. Mpango wenyewe umetaja kuwajengea uwezo watumishi wa hospitali; basi jambo hilo liwe la kwanza kuandikwa katika taarifa. Viongozi wa mkoa na wa Wizara waulize: ni matabibu wangapi wa Mpanda leo wanaweza kufanya peke yao lile walilolishindwa mwaka jana? Kujitegemea katika afya kutaanzia kwenye jibu hilo. Jibu likiwa hakuna, basi kambi imetibu wagonjwa wa wiki moja, nasi tumewaacha wa mwaka mzima.