Theosofia na Warithi Wake

Jumuiya ya Theosofia ilianzishwa New York mwaka 1875 na Helena Petrovna Blavatsky, mzaliwa wa dola ya Urusi, pamoja na Kanali Henry Steel Olcott, mwanasheria William Quan Judge na wenzao. Baadaye Blavatsky na Olcott walihamia India, na tangu 1882 makao makuu yako Adyar, katika mji wa Madras, Chennai ya leo. Wanachama waliobaki si wengi, na wanaohesabu vichwa husema Theosofia imekwisha. Hapo ndipo wanapokosea. Chama kimepungua, lakini mafundisho yake yameenea hata wanaoyafuata hawajui tena yalikotoka. Vikundi vinavyofundisha kusoma aura, vinavyoieleza karma kuwa ni roho kupanda daraja maisha hata maisha, au vinavyopokea ujumbe wa walimu wasioonekana, vyote vinakula katika sinia lililoandaliwa na Theosofia.

Chakra, vituo vya nguvu vinavyosemekana kuwamo mwilini, ni mfano ulio wazi. Maandiko ya Kisanskriti hayakubaliani hata juu ya idadi yake, na yaliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayetafakari chini ya mwalimu wake. Mwaka 1927 Charles Leadbeater, mmoja wa vinara wa Theosofia, alitoa kitabu chenye picha za rangi akizieleza chakra kama vitu alivyodai kuviona mwenyewe kwa jicho la ndani. Kitabu hicho kilichangia sana kuzifikisha kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani. Mpangilio wa rangi saba za upinde wa mvua, unaopamba kuta za madarasa mengi ya yoga, ni wa baadaye zaidi. Katika maandiko ya kale haumo.

Warithi wengine wanajulikana kwa majina. Rudolf Steiner, aliyeongoza tawi la Ujerumani, alijitenga mwaka 1912 na 1913 na kuasisi Anthroposofia. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919, na leo shule za mfumo huo ziko hata Nairobi na Dar es Salaam. Alice Bailey naye alifarakana na viongozi wa Theosofia wa Marekani, akaandika vitabu vingi juu ya enzi mpya inayokuja.

Walichorithi wengi ni madai. Kesi zilizoyaandama madai hayo waliziacha nyuma. Pale Adyar barua zilizosemekana kutoka kwa Mahatma, yaani walimu wasioonekana wa Blavatsky, zilikuwa zikitokea ndani ya kabati lililotundikwa ukutani, karibu na chumba cha kulala cha Blavatsky. Mwaka 1884 mtunza nyumba, Emma Coulomb, alidai kwamba yeye na mumewe walishiriki katika hila hiyo. Richard Hodgson alitumwa na chama cha utafiti wa mambo ya nafsi cha London, na ripoti ya 1885 ikamwita Blavatsky laghai. Mwaka 1986 jarida la chama hichohicho lilichapisha makala ya Vernon Harrison iliyoona uchunguzi wa Hodgson kuwa na dosari kubwa. Ubishi haujaisha, na kumbukumbu zake ziko wazi.

Pigo la pili lilitoka ndani. Jiddu Krishnamurti, aliyelelewa na Annie Besant, kiongozi wa jumuiya, kama Mwalimu wa Ulimwengu ajaye, alilivunja mbele ya wafuasi wake shirika lililoundwa kwa ajili yake, huko Ommen, Uholanzi, mwezi Agosti 1929. Ni nadra kiongozi wa kiroho kukikataa kiti alichokwisha kuandaliwa.

Kuna pia urithi mchungu. Lengo la kwanza la jumuiya ni udugu wa wanadamu wote bila ubaguzi, ilhali kitabu kikuu cha Blavatsky cha 1888 kinapanga wanadamu katika mbari zinazofuatana, baadhi zikihesabiwa kuwa mabaki ya zama zilizopita. Wazalendo wa siasa kali wa Austria na Ujerumani waliokota mafundisho hayo wakayageuza silaha. Kikundi kinachosifu kupanda daraja kwa wanadamu bila kujua historia hiyo kinaweza kuyarudia maneno yaleyale kwa nia njema kabisa.

Kwa anayetaka kuhakiki, Adyar kuna kitu kingine chenye thamani kuliko kabati lile: maktaba aliyoianzisha Olcott mwaka 1886. Ina maelfu ya miswada ya majani ya mtende, na kwa miaka mingi imechapisha maandiko ya Kisanskriti pamoja na tafsiri zake. Dai lolote linaloegemea hekima ya kale ya India linaweza kupimwa kwa maandiko hayo.