FT8 si mchezo wa wazee, na hewa si ya Nairobi peke yake

Wadau, leo naanza na swali. Intaneti ikizima sasa hivi, hapo ulipo Mtongwe, Mshomoroni ama Chaani, utamwambia nani kitu gani, na kwa njia gani? Na usiniambie "itarudi tu".

Itarudi, sawa. Lakini ishawahi kuondoka, na si mara moja. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari yetu iliangusha nanga, ikakata kebo ya TEAMS. Mei 2024 zikakatika kebo za EASSy na SEACOM, Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Juni 25 mwaka huo huo, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ukakwama tena. Nyaya hizo zinaibuka kutoka baharini hapa hapa Mombasa, na zikikatika sisi wenyewe tunabaki kukodolea simu macho kama wageni.

Sasa nikitaja redio ya ridhaa hapa maskani, vicheko. "Hiyo si ya wazee wa Nairobi wenye antena kubwa na pesa?" Hebu tulieni niwajibu, manake hicho kicheko kinatugharimu.

Redio ya ridhaa ni watu wenye leseni kuongea na kujaribu mitambo hewani, bila biashara. Na siku hizi si kuongea tu. Kuna njia za data: kompyuta ama simu inageuza maneno kuwa milio, redio inairusha, na wa upande wa pili kompyuta yake inairudisha kuwa maneno. Hakuna mnara wa Safaricom wala kebo wala bando katikati. FT8 ndiyo maarufu zaidi. Ilitoka 2017, kazi ya Joe Taylor na Steve Franke. Huyo Taylor ni yule yule aliyepata Nobeli ya Fizikia 1993. Mzee, ndio, lakini programu yake, WSJT-X, ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

FT8 inafanya nini cha ajabu? Kila zamu ni sekunde 15. Ujumbe mmoja ni biti 77 tu, unakaa kwenye upana wa kama hertz 50, yaani uzi mwembamba hewani. Juu yake zinaongezwa biti za kurekebisha makosa, ndiyo maana ujumbe unasomeka hata pale kelele ina nguvu mara 100 kuliko ishara yenyewe. Sikio lako halisikii kitu, skrini inaandika. Na hesabu hiyo ya kurekebisha makosa, LDPC, ni ya ukoo mmoja na ile inayobeba data ya 5G. Halafu mtu aniambie ni mambo ya zamani!

Mimi nimejaribu upande wa kusikiliza, hapa hapa Kisauni. Redio ya mawimbi mafupi yenye SSB, waya wa umeme mita 10 kutoka dirishani hadi mnazi wa jirani, simu imelazwa kando ya spika. Nikaweka masafa ya megahertz 14.074. Mwanzo ilikuwa kelele tupu, za chaja na taa za LED. Nikazima moja moja, nikasogeza waya mbali na ukuta, na jioni majina yakaanza kushuka kwenye skrini, Italia, India, Urusi, kila moja na msimbo wa eneo lake. Wetu ni KI95: Likoni, Changamwe na Kisauni zote zimo. Ukifika Mtwapa ushaingia KI96, na Tanga ni KI94. Jioni moja ya waya na chaja ilinifunza zaidi kuhusu mawimbi kuliko miaka yote ya kukariri fomula za fizikia.

Kuna kundi la pili, na hawa ni wakongwe wenyewe wa redio. Wao wanasema FT8 ni kompyuta zinazopigiana gumzo, mtu hana kazi. Nawaheshimu, lakini hapana. Kompyuta haipandi paa kufunga waya. Haijui ni saa ngapi bendi ya mita 20 inafunguka kuelekea Ulaya. Na kijana asiyejua mosi na Kiingereza chake kinakwama, kwa FT8 anaanza leo. Mkifunga mlango huo, chama chenu kitazikwa na nyinyi.

Ila tusidanganyane pia. FT8 haiiti ambulensi. Ujumbe wake huru haupiti herufi 13. Ukitaka kuandika sentensi kamili, JS8Call imejengwa juu ya wazo lile lile, na Winlink inapitisha barua pepe kwa mawimbi ya redio. Lakini FT8 ndiyo shule. Ndiyo inayokuonyesha kama waya wako unafika popote, kabla ya siku ya mafuriko.

Kundi la tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Kijana wa Likoni akionekana na waya na redio, swali la kwanza ni "unawasiliana na kina nani?" Ofisi moja niliyoenda kuuliza habari za leseni, nilihojiwa hivyo kabla sijapewa hata kiti. Basi nijibu hapa mbele ya watu. Kanuni za kimataifa zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kuficha maana ya wanachotuma. Kila neno liko wazi, na kila kituo kinajitaja kwa kitambulisho chake. Anayetaka siri ana WhatsApp. Redio ya ridhaa ndiyo mahali pabaya kabisa pa kujificha.

Na sisemi mtu arushe mawimbi bila leseni. Hilo ni kosa la sheria, na utaharibia wengine. Ninasema leseni ifikike. Mamlaka ya Mawasiliano ipo, chama cha ARSK kipo, na Kenya ina nafasi yake, 5Z4B, kati ya vituo 18 vya ishara vya kupima mawimbi duniani. Basi haki hiyo ivuke feri na daraja la Nyali. Kituo kimoja cha klabu Likoni, kimoja Kisauni, kimoja Changamwe, ndani ya vyuo vya ufundi vilivyopo tayari. Maelezo ya mtihani yaandikwe kwa Kiswahili. Kila siku tunaambiwa vijana wa Pwani wajiunge na uchumi wa dijitali, kisha tunapewa kompyuta za kuchapa barua. Tupeni antena.

Na wewe unayesoma, anza leo usiku. Tafuta WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ni bure. Weka kilohertz 7074, sikiliza ile milio inayoanza na kukoma pamoja kila sekunde 15. Bando likiwa bado lipo, lakini.