Uzamili wa biashara ya kimataifa ughaibuni: je, tuuze mikorosho?

Kila msimu wa korosho meli hutia nanga bandarini Mtwara kupakia korosho ghafi. Ndio msimu ambao wakulima wanalipwa, na ndio msimu ambao kijana aliyemaliza shahada ya kwanza huleta mazungumzo nyumbani. Amepata chuo Uingereza, kozi ni uzamili wa biashara ya kimataifa, muda ni mwaka mmoja. Kilichobaki ni fedha. Kuanzia Chikongola mjini hadi Tandahimba vijijini, mzazi anajiuliza: je, tuuze shamba?

Leo tunalitazama swali hili kwa hesabu.

Kozi inafundisha nini?

Kwa maneno ya kawaida, ni elimu ya namna bidhaa inavyovuka mpaka na fedha inavyorudi. Mwanafunzi anajifunza mikataba ya mauzo ya nje, taratibu za forodha, bima ya shehena, usafirishaji wa meli, dhamana za benki na kupanda na kushuka kwa thamani ya sarafu.

Kusini hatuhitaji kwenda mbali kuona umuhimu wake. Tangu 2007 korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima akipeleka mzigo kwenye AMCOS na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU vikisimamia mnada. Sehemu kubwa ya mzigo huondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, na nyingine huuzwa tena Ulaya na Marekani. Kazi ya kubangua na faida yake hubaki huko.

Si kwamba hatukujaribu. Miaka ya 1970 na 1980 nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje na mitambo ya kigeni. Lakini uzalishaji, uliofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vikakosa korosho na vingi vikafungwa. Mkopo ulipatikana na mashine zikaja, lakini hesabu ya biashara nzima haikukaa sawa. Mtu anayeweza kuipiga hesabu ya namna hiyo mapema ana thamani kubwa Mtwara.

Hesabu ya nyumbani

Tuchukue mfano wa Uingereza, nje ya London. Kwa viwango vilivyoanza mwishoni mwa 2025, mwombaji wa viza anatakiwa kuonyesha paundi 1,171 za matumizi kwa kila mwezi, hadi miezi 9. Hiyo ni paundi 10,539, na lazima fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo. Ada ya chuo ni juu ya hapo. Tuseme ni paundi 18,000. Jumla ni paundi 28,539, kabla ya viza, nauli na ada ya huduma za afya, ambayo ni paundi 776 kwa mwaka.

Tukihesabu paundi moja kwa shilingi 3,300, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 94. Kama mkulima anabakiwa na shilingi 3,000 kwa kilo, ni tani 31 za korosho. Kama kila mti unatoa kilo 10, ni miti zaidi ya 3,000 kwa msimu mzima, na hapo nyumbani hamjala wala kununua salfa.

Wengine husema, "Atafanya kazi huko, atarudisha." Tahadhari. Mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi saa chache tu kwa wiki wakati wa masomo. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Na wahitimu wa uzamili watakaoomba kubaki kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18, si miaka miwili kama awali.

Njia zisizouza shamba

Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipa ada, nauli na posho. Unataka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau saa 2,800, na akimaliza arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. China na India nazo hutoa ufadhili wa serikali. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa fedha za kujikimu lazima zionekane kwenye akaunti maalumu kabla ya viza.

Kwa hiyo kijana asione aibu kuanza kazi kwanza: ghalani, bandarini, kwenye chama cha ushirika, kwa wakala wa forodha, au kwenye biashara ya mpakani na Msumbiji kupitia Daraja la Umoja. Miaka miwili hiyo inampa sifa ya ufadhili, na pia inampa maswali ya kwenda nayo darasani.

Kabla hamjatoa fedha

Ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kama chuo kinatambulika na kama wakala anayewasaidia amesajiliwa. Ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, si kwenye simu ya mtu. Mtu akiwaahidi viza ya uhakika, muogopeni, kwa sababu anayetoa viza ni ubalozi au serikali husika peke yake.

Sisi hatusemi kijana asiende. Kusini inawahitaji watu watakaokaa meza moja na mnunuzi wa Vietnam wakijua kila senti ya mzigo wao. Tunachosema ni kwamba mkorosho huchukua miaka kukua, na kuung'oa ni siku moja. Somo la kwanza la biashara ya kimataifa ni kutouza mtaji kabla ya kujua faida. Mzazi na mwana wakae chini, wachukue kalamu, walifanye somo hilo hapo hapo nyumbani.