Dari si mahali pa kubania pesa

Wasee, landlodi anayeweka waya wa kuku kushika plasta ya dari habanii pesa. Anacheza na kichwa cha mpangaji.

Pigeni hesabu. Plasta mbichi ya simiti na mchanga ina kama kilo 2,000 kwa kila mita ya ujazo. Ipake unene wa milimita 15 kwenye chumba cha mita 3 kwa 3: hizo ni karibu kilo 270 juu ya kitanda chako. Zimeshikwa na nini? Wavu na misumari, basi.

Wavu wenyewe ni wa chuma, umepakwa zinki usile kutu. Unalazwa ukikingama mbao, unapigiliwa kila sentimita 15 hivi, na ncha za vipande zinapandana. Ukilegea, plasta inacheza, inapasuka, inashuka.

Halafu eti lawama ni ya fundi. Mimi nakataa. Fundi anafunga alicholetewa, na aliyepima pesa ya misumari si yeye.

Kwa hivyo kama mzae wako anajenga, panda ngazi kabla plasta haijapakwa, vuta wavu kwa mkono. Ukining'inia, kazi isimame. Rangi itaficha ufa, uzito haitaupunguza.